Sensa imebaipasiwa, sasa nani anaangalia maji?

Wasomaji wangu, toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya kubaipasi vifaa vya usalama kiwandani, mistari kama minne hivi, na maswali yakamiminika mpaka nikaona nafasi yote ya leo tuitumie hapo hapo. Nimefupisha maswali na majina nimeyaacha pembeni, maana wengi wenu bado mko kwenye kazi hizo hizo mnazozisema. Kwa anaeingia leo, kubaipasi ni kufanya kifaa cha usalama kisifanye kazi yake kwa muda, iwe sensa, swichi, vali au ile kompyuta inayozima mtambo. Unaweza kufanya kwa kipande cha waya (ndio jampa), kwa kugeuza ufunguo kwenye paneli au kwa kubonyeza skrini. Wengine wanaita kuruka, wengine kuunga dairekti, ni kitu kile kile.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi umeme, mwaka wa pili kazini. Boila yetu ina sensa ya maji ya chini, ilikua inazima moto mara tatu mara nne kwa zamu wakati maji yapo kabisa kwenye kioo cha kuonyesha kiwango cha maji. Supavaiza akaniambia weka jampa tusukume kazi mpaka spea ije. Nikaweka. Sasa ni wiki ya tatu, spea haijaja na hakuna anaeizungumzia tena, nikiuliza naambiwa boila si inafanya kazi? Nimkatalie? Naogopa kazi yangu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na hilo neno "boila si inafanya kazi" ndio limenikaa moyoni, kwa sababu ni kweli boila inafanya kazi, moto unawaka, mvuke unatoka, ila sensa ile haikuwekwa pale kwa ajili ya siku kama hizi. Iliwekwa kwa ajili ya siku moja tu ambayo pampu ya maji itagoma au vali itaziba na maji yataanza kushuka bila mtu kujua. Siku ishirini za salama hazikuambii kitu kuhusu siku hiyo.

Ngoja nikupe hesabu maana kwa supavaiza hesabu inasaidia kuliko kubishana. Kazi za vifaa vya usalama kwenye mitambo hupangwa kwa daraja zinazoitwa SIL, na kiwango kinachofuatwa zaidi kwenye viwanda vya kemikali, mafuta na gesi ni IEC 61511. Kifaa cha SIL 2 kinatakiwa kikihitajika mara 100 kisishindwe zaidi ya mara 1. Mwaka una masaa 8,760, asilimia moja yake ni masaa 87 na nusu hivi, yaani siku tatu na kitu. Kwa hiyo hata kama sensa ni mpya na haina kasoro hata moja mwaka mzima, ukiibaipasi siku nne tu bila kuweka kitu badala yake umeshamaliza nafasi yote ya makosa iliyokua nayo. Wiki zako tatu ni masaa 504, karibu asilimia 6 ya mwaka, hapo mlichonacho ni kifaa cha daraja la chini yake, SIL 1, hata kama karatasi bado inasema SIL 2. Sijui boila yenu ilipangiwa daraja gani lakini hesabu inaenda hivyo hivyo kwa yoyote.

Sasa tuje kwenye boila yenyewe. Je, mna sensa ya pili ya maji ya chini, ile ya chini zaidi ambayo ikizima moto hauwaki tena mpaka mtu aende kwa miguu akaangalie na kubonyeza kitufe cha kuruhusu iwashwe upya? Kama ipo, imejaribiwa karibuni na inafanya kazi, basi mna la kusimamia kwa muda mfupi. Kama uliyoiwekea jampa ndio ya mwisho, hakuna cha kujadili, boila inazimwa. Sikupi hilo kama ushauri wa kupima pima. Maji yakishuka chini ya mabomba chuma kinapata moto kupita kiasi na kulegea, alafu mtu akishtuka akafungulia maji ya baridi juu ya chuma kile, maji yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke kwenye presha ya kawaida unachukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Ndio maana kioo kikikauka ghafla unazima moto kwanza na hauongezi maji, hata roho ikikutuma vipi.

Kwa siku mnazosubiri spea, ukiondoa jicho la mashine weka jicho la mtu, na namaanisha mtu mmoja kwa jina, hana kazi nyingine yoyote, anakaa mbele ya kioo cha maji na kitufe cha kuzimia kiko pale mkono unapofika. Mtu anaepita kila nusu saa huyo sio mlinzi. Pigeni hesabu: moto ukiwa umewaka wote na maji yasipoingia kabisa, inachukua dakika ngapi toka alama ya chini mpaka mabomba yawe wazi? Kama ni dakika chache na mtu yuko chumba kingine mmeshajibiwa. Punguzeni moto pia, inawapa muda. Na mfundisheni huyo anaekaa pale kuangalia maji vizuri, kwenye boila inayofanya kazi maji kwenye kioo yanacheza cheza kidogo, ukiona yametulia tuli kama ya kwenye chupa basi kioo kinaweza kuwa kimeziba na unachokiona sio kiwango cha maji, akipulizie kioo kila zamu ahakikishe.

Alafu kuna kitu nakuomba ufanye kesho asubuhi kabla hujaingia kwenye ubishi wowote. Angalieni kwa nini sensa inazima bila sababu. Kama ni ya elektrodi, yaani vijiti vya chuma vinavyogusa maji, mara nyingi ncha imeshika magadi, au maji yana povu kwa sababu chumvi imezidi, au terminali imelegea kwa mtikisiko. Hivyo vyote havihitaji spea, vinahitaji nusu siku ya kuzima na kusafisha. Nimeona spea zikisubiriwa miezi wakati tatizo lilikua skrubu.

Na kumkatalia supavaiza, usimkatalie kwa mdomo barazani, mpelekee fomu. Andika: nini kimebaipasiwa, sababu, nani kaidhinisha, kimeanza saa ngapi, kinaisha saa ngapi, nani anakaa badala yake. Mwambie "bosi naomba saini yako hapa". Akisaini, atalazimika kuijaza ile sehemu ya saa ya kuisha na ile ya nani anakaa, na hapo mazungumzo yenyewe yanabadilika. Asiposaini, ukitoa ile jampa huna kosa, ila usiitoe kimya kimya boila ikiwa inawaka, wajulishe waendeshaji kwanza.

SWALI: Habari mwandishi. Mimi ni mwendeshaji wa zamu ya usiku kwenye matenki ya mafuta. Mwezi uliopita nilijua kwa bahati tu kwamba swichi ya tenki kujaa ilikua imebaipasiwa tangu asubuhi, hakuna aliyenambia wakati wa kupokea zamu. Walionikabidhi wanasema ilikua kwenye fomu ofisini. Nani ana kosa?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na nashukuru Mungu uliijua kabla tenki halijaijua. Fomu iliyoko ofisini wakati mtu anaeihitaji yuko kwenye chumba cha kontroli, hiyo ni sawa na haipo. Nakupa mfano unaofahamika dunia nzima, jukwaa la mafuta la Piper Alpha kwenye Bahari ya Kaskazini, 6 Julai 1988. Mchana mafundi walitoa vali ya usalama ya presha ya pampu moja ya kondenseti (kimiminika chepesi kinachotoka kwenye gesi) ikapelekwa kufanyiwa kazi, mahali pake wakaweka kifuniko cha chuma ambacho hakikukazwa kisawasawa. Kibali cha kazi ile kiliandikwa, kweli kabisa kiliandikwa. Zamu ikabadilika. Usiku mida ya saa nne kasoro robo pampu ya pili ikazima, watu wa usiku wakaamua kuwasha ile ya kwanza kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba vali haipo, gesi ikatoka pale kwenye kifuniko na ikalipuka. Walikufa watu 167.

Na kuna sehemu nyingine ya habari ile ambayo watu hawaisemi sana. Pampu za kuzima moto za dizeli zilikua zimetolewa kwenye otomatiki zikawekwa kwa mkono, kwa sababu kulikua na wapiga mbizi majini na waliogopa pampu zikijiwasha zenyewe zitawavuta. Sababu nzuri kabisa, ya kulinda uhai wa mtu. Lakini moto ulipowaka hakuna aliyeweza kuzifikia kuziwasha. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen ulitoka mwaka 1990 na mapendekezo 106, na ukiyasoma unaona habari ya vibali na makabidhiano inarudi rudi.

Kwa upande wa matenki kabisa kuna Buncefield, Uingereza, Jumapili alfajiri 11 Desemba 2005. Tenki namba 912 lilikua linajazwa petroli, geji ya kiwango ikaganda ikawa inaonyesha vile vile tu wakati mafuta yanapanda, na swichi ya kujitegemea ya juu kabisa ambayo ingefunga kila kitu haikufanya kazi. Swichi ile ilikua na wenzo wa kufanyia majaribio na ilihitaji kufuli dogo la kuushikilia wenzo mahali pake, kufuli halikurudishwa kwa sababu watu walidhani ni la kuzuia wachezeaji tu. Zikamwagika zaidi ya lita 250,000, wingu la mvuke wa petroli likalipuka, watu zaidi ya 40 wakaumia. Hakuna aliyeamua kubaipasi pale, walimaliza majaribio wakaondoka, swichi ikabaki imezimwa na skrini ikionyesha kila kitu salama.

Ndio maana nasema kurudisha ni kazi kuliko kutoa. Ukirudisha kifaa kwenye kazi lazima ukijaribu mpaka mwisho, yaani uone vali inafunga au pampu inazima kweli, na mtu wa pili aone kwa macho yake asaini. Nilishawahi kufungua paneli moja ya rilei, zile swichi zinazoendeshwa na umeme, kwa kazi nyingine kabisa, nikakuta kipande cha waya mwekundu, urefu wa kiganja, klipu mbili za mamba zimeng'ata terminali, vumbi limekaa juu yake kama unga na ile karatasi iliyobandikwa imefifia haisomeki hata tarehe. Tuliuliza watu wote. Hakuna aliyeijua. Siku ile niliogopa kuliko siku nyingi nilizowahi kuona moto.

Kwa hiyo kwenu: ubao mmoja chumba cha kontroli wenye kila kitu kilichobaipasiwa sasa hivi, sio rejista kabatini. Anaetoka na anaeingia wanausoma pamoja kwa sauti, alafu wanaenda kugusa. Kama mfumo wenu ni wa kompyuta kila baipasi iwe inaonyesha alamu kwenye skrini muda wote na isiweze kunyamazishwa ikapotea. Na jampa zote zihesabiwe, ziwe na namba na rangi moja, zikae kwenye boksi la kufuli, boksi lisipojaa zamu haifungwi. Kosa la nani? La aliyekukabidhi, na la aliyeweka utaratibu wa fomu kukaa ofisini. Wewe usipokee zamu bila kuuliza swali hilo kwanza kabla hata ya kuvua koti.

SWALI: Mwalimu, tuna sensa tatu za presha zinazopiga kura, mbili zikikubali mtambo unazima. Moja imekufa tumeibaipasi. Tumebaki salama kwa kiasi gani?

JIBU: Inategemea ile iliyobaipasiwa inahesabiwa kupiga kura gani, nendeni muangalie kwenye programu leo leo. Kama inahesabiwa "hakuna tatizo", basi zile mbili zilizobaki lazima zikubaliane zote ndio mtambo uzime, moja ikigoma hamna ulinzi tena, mko pabaya kuliko mnavyodhani. Kama inahesabiwa "zima", basi yoyote moja kati ya mbili inatosha kuzima, mko salama zaidi lakini mtasumbuliwa na kuzima ovyo. Mimi ningechukua usumbufu. Na msithubutu kugusa ya pili wakati ya kwanza iko nje.

SWALI: Kaka, nina karakana yenye mashine ya kukata, mlango wake una swichi ya sumaku, ukifungua mashine inasimama. Vijana wamebandika sumaku nyingine kwenye swichi wanafanya kazi mlango wazi. Nimewatoa mara mbili wanarudisha. Nimfukuze mmoja ili wengine waogope?

JIBU: Ukimfukuza mmoja watabandika sumaku nyingine pale usipoona. Nakuomba kabla ya hapo simama nao nusu siku kwenye mashine hiyo uangalie kwa nini wanafungua mlango. Nina hakika utakuta kitu: pengine vumbi la chuma linajaa na lazima lifutwe kila dakika kumi, pengine dirisha limechubuka hawaoni ncha ya kisu, pengine kuseti kazi mpya haiwezekani kabisa mlango ukifungwa. Wanadanganya swichi kwa sababu mashine imewafanya wachague kati ya usalama na kumaliza kazi, na wewe ndio unaewauliza kazi jioni. Kiwango cha ISO 14119 kinachohusu swichi za milango ya mashine kinamtaka mtengenezaji afikirie kabisa ni nini kitamfanya mtu atamani kuidanganya, kwa hiyo sio mimi tu nasema.

Badilisha dirisha. Weka taa ndani. Kama kuseti kunahitaji mlango wazi, mwambie mtengenezaji akuwekee hali ya kuseti, yaani ufunguo wa kuchagua, spidi ndogo sana, na mashine inatembea tu ukiwa umeshikilia kitufe, ukiachia inasimama. Na swichi ya sumaku ya kawaida ibadilishe uweke ile yenye msimbo (code) ambayo inakubali kipande chake tu, sumaku ya mtaani haiidanganyi. Ukishafanya hayo yote na mtu bado anabandika, hapo ndio tunazungumza habari ya kumsimamisha.

SWALI: Nenosiri la kubaipasi kwenye kompyuta ya mtambo kila mtu analijua, limeandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi. Kuna ubaya kama watu wote ni waaminifu?

JIBU: Uaminifu hausaidii mtu akikosea. Illiopolis, Illinois, Marekani, 23 Aprili 2004, kiwanda cha plastiki: inaaminika mwendeshaji alikua anasafisha tangi moja akakosea njia akafika kwenye tangi lingine ambalo lilikua bado linatengeneza plastiki ndani, vali ya chini haikukubali kufunguka kwa sababu kifaa cha usalama kiliizuia, na pale pale kulikua na mpira wa hewa wa dharura ambao mtu yeyote angeweza kuuchomeka akaipita kinga. Vali ikafunguka, gesi ikamwagika, watu 5 wakafa. Kinga ilimwambia kabisa "hapa sio" na njia ya kuipita ilikua karibu kuliko simu ya kumuuliza mwenzake. Huyo alikua mwaminifu anamaliza kazi yake. Miaka minne baadae, 28 Agosti 2008, kwenye kiwanda kimoja cha dawa za wadudu huko mahali panapoitwa Institute, West Virginia, kinga za usalama zilipitwa wakati wa kuwasha mtambo, mlipuko ukaua wawili.

Badilisha nenosiri leo. Kila mtu awe na lake, na wa kuomba asiwe wa kuidhinisha. Mitambo mingi ina ufunguo wa chuma wa kuruhusu baipasi, ukae kwa msimamizi wa zamu, na uzuri wake ukiutoa baipasi zote zinaondoka kwa mara moja, kwa hiyo mambo yakiharibika ana kitu kimoja cha kugeuza.

SWALI: Wakati wa kuwasha pampu presha inakua chini lazima tubaipasi swichi ya presha ndogo. Hiyo nayo inahitaji fomu kila siku?

JIBU: Hapana, hiyo ifanyeni iwe ya taimaa ndani ya programu, sekunde mlizopima kwa kuwasha pampu mara kadhaa, ikiisha swichi inarudi yenyewe. Fomu ni pale mtu anapoongeza muda.

SWALI: Mimi sio fundi, ni mke wa fundi. Mume wangu amenambia kwamba kazini wamezima alamu ya gesi kwa sababu inalia ovyo usiku watu hawalali. Anasema ni kawaida. Nina wasiwasi, nimwambie nini?

JIBU: Dada yangu, wasiwasi wako ni wa haki. Kwenye mtambo wa kuchimba mafuta baharini wa Deepwater Horizon uliolipuka 20 Aprili 2010 na kuua watu 11, fundi mmoja aliyenusurika alieleza mbele ya uchunguzi kwamba alamu kuu ilikua imewekwa isilie yenyewe, kwa sababu wakubwa hawakutaka watu waamshwe usiku na alamu za uongo. Ni sababu ile ile anayokuambia mumeo.

Usimgombeze, yeye sio aliyeizima. Muulize tu hivi: usiku huu alamu ikiwa imezimwa, nani anatembea na kipima gesi cha mkononi, na anapita kila baada ya dakika ngapi? Kama ana jina la mtu na dakika, wana kitu. Kama anakaa kimya, mwambie akifika kazini aulize swali hilo hilo kwa supavaiza mbele ya wenzake, aombe na saa ya alamu kurudishwa iandikwe ubaoni. Na hicho kifaa kinacholia ovyo kipelekwe kikalibretiwe, yaani kipimwe na kurekebishwa, maana mara nyingine kinalia kwa sababu gesi ipo kweli.